Mimea ya akwariamu: Ijue mbegu kabla ya kuitia majini

UFUGAJI wa samaki wa mapambo katika matangi ya kioo, ambayo wengi huyaita akwariamu, si tena jambo la hoteli kubwa za Nairobi na Mombasa pekee. Mkazi wa mji wa Kakamega anaweza kumwomba fundi wa vioo amtengenezee tangi, akanunua pampu ya hewa na samaki wachache, na jioni akaketi sebuleni akiwatazama wakiogelea.

Kinachowasumbua wengi ni mimea. Ile ya plastiki haina faida kwa samaki, nayo mimea hai ya kununua si rahisi kupatikana mbali na miji mikubwa. Basi mfugaji hubaki na njia mbili: kuagiza mbegu kupitia intaneti, au kuvaa gambuti na kwenda kuitafuta mimea yenyewe mtoni na kwenye mabwawa.

Kila njia ina faida yake na hatari yake. Kosa dogo linaweza kuwaua samaki wote kwa usiku mmoja au kumwambukiza mtafutaji kichocho. Baya zaidi, linaweza kuufungulia mlango mmea mgeni utakaowahangaisha wavuvi wa Ziwa Victoria kwa miaka na mikaka. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitambua mbegu, mahali pa kuitafuta mimea ya kienyeji karibu na Kakamega, na tahadhari zinazopasa kuchukuliwa.

KAZI YA MIMEA HAI

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula vinapooza hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria walio katika mchanga na chujio huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, kisha nitrati. Mimea hai huzifyonza kemikali hizi na kuzitumia kama mbolea. Kwa hivyo, pamoja na kupendeza macho, mimea huyasafisha maji.

Aidha, mchana mimea hutoa oksijeni, nayo huwapa samaki wadogo maficho. Hata hivyo, usiku mimea huvuta oksijeni kama samaki wenyewe. Tangi lililosheheni mimea bila pampu ya hewa linaweza kuwafanya samaki waelee juu wakihema alfajiri.

PAKITI ZA MBEGU ZA INTANETI

Katika maduka ya intaneti huuzwa pakiti za mbegu zinazosemekana kuota na kuwa zulia la kijani ndani ya tangi kwa siku chache tu. Picha huvutia, na bei ni ndogo. Tatizo ni kwamba mara nyingi jina la kisayansi la mmea halitajwi, au hutajwa jina lisilo lake.

Mimea halisi inayotandaza zulia chini ya maji, kama ile ya jenasi za Glossostigma na Eleocharis, kwa kawaida huuzwa ikiwa miche. Huenea kwa vishina vinavyotambaa mchangani, na wakulima wake huizalisha kwa kuigawanya. Muuzaji anayedai ana gramu kadhaa za mbegu kavu za mimea hiyo kwa bei ya soda anapaswa kutiliwa shaka.

Wafugaji wengi walionunua pakiti hizo wameeleza matokeo yanayofanana. Mbegu huota upesi katika mchanga wenye unyevu, zulia hutanda na furaha hujaa nyumbani. Tangi linapojazwa maji, majani huanza kugeuka manjano, kulegea na kuoza baada ya wiki chache, kwa kuwa mmea ulikuwa wa nchi kavu tangu hapo. Uozo huo hutoa amonia nyingi, na samaki hufa.

Wengine wamepata mmea unaostahimili maji vizuri kupita kiasi. Hygrophila polysperma, mmea wa Asia unaopendwa sana na wafugaji wa samaki, umeorodheshwa nchini Marekani kuwa gugu hatari, baada ya kutoroka kutoka kwenye matangi na kuvamia mito na mifereji.

Itakumbukwa pia kuwa mwaka wa 2020 maelfu ya watu nchini Marekani walipokea kwa posta vifurushi vya mbegu ambavyo hawakuviagiza, vingi vikionekana kutoka China. Wataalamu wa Idara ya Kilimo ya nchi hiyo walipozichunguza zile za kwanza, walitambua aina zipatazo 14, zikiwemo haradali, kabeji, mnanaa na waridi. Kilichowatia wasiwasi ni kwamba mpokeaji hakuwa na njia ya kujua kilichomo kwa kuzitazama tu.

JINSI YA KUICHUNGUZA MBEGU

Mtu asiye mtaalamu hawezi kuitaja kila mbegu kwa jina, lakini anaweza kuondoa nyingi zisizofaa kwa kufuata hatua chache akiwa nyumbani.

Kwanza, ziangalie kwa kioo cha kukuzia. Je, zote zinafanana kwa umbo, rangi na ukubwa? Pakiti yenye mbegu za sura tatu au nne ni mchanganyiko, hata kama jina lililoandikwa ni moja.

Pili, zitie chache katika bilauri ya maji na kusubiri nusu saa. Zikivimba na kujifunika utando wa utelezi kama ute wa bamia, basi yaelekea ni za jamii ya mrehani au chia. Hiyo ni mimea ya bustani, na haitadumu chini ya maji.

Tatu, jiulize jinsi zilivyohifadhiwa. Mbegu za yungiyungi, kwa mfano, huiva majini. Ua likishachavuliwa, kikonyo chake hujikunja na kulivuta tunda chini ya maji. Tunda likipasuka, mbegu ndogo huelea kwa muda zikiwa zimefunikwa na kiwambo chepesi chenye hewa, kisha huzama kwenye tope. Njia ya kuaminika ya kuzihifadhi ni kuziweka ndani ya maji. Zile zilizokaushwa na kusafirishwa kwa miezi kadhaa huenda zisiote kabisa.

Sheria hii ina vighairi, na kimoja ni cha ajabu. Mbegu ya lotasi ya Asia, ambayo ni kubwa na ngumu kama kokwa, inaweza kulala kwa karne nyingi. Mwaka wa 1995 wanasayansi walitangaza kwamba mbegu iliyotolewa katika tope la ziwa lililokauka nchini China ilikuwa imeota, ingawa umri wake ulikadiriwa kuwa karibu miaka 1,300. Mbegu kama hiyo hupigwa tupa kidogo ili maji yapenye ganda.

Nne, ziotesheni kando, kamwe si ndani ya tangi lenye samaki. Tia tope safi kidogo ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mwaga maji ya kina cha sentimita tatu hivi juu yake, kisha weka mbegu. Funika mdomo kwa kitambaa cha neti, maana Kakamega ni eneo la malaria na mbu hawachagui maji ya kutagia.

Tano, tazama majani ya kwanza. Mche wa yungiyungi huanza na jani jembamba kama uzi, kisha hutoa majani yaliyochongoka kama mkuki yanayobaki chini ya maji, na mwishowe yale ya duara yanayoelea. Mche unaotoa majani mawili manene yaliyoelekeana na kujitahidi kuchomoza hewani huenda ni wa nchi kavu. Uzamishe kabisa kwa mwezi mmoja. Ukioza, umepata jibu lako bila ya kupoteza samaki hata mmoja.

Mwisho, jina kamili huhitaji ua au tunda. Mmea wa majini uliolegea hukaushwa kwa kuuelekeza ndani ya beseni la maji, kupitisha karatasi ngumu chini yake na kuinyanyua polepole ili majani yabaki yametandazika. Kisha hukandamizwa katikati ya magazeti makuukuu, yakibadilishwa kila siku hadi ukauke. Andika tarehe, mahali ulipouchuma, kina cha maji na rangi ya ua.

Sampuli kama hiyo inaweza kulinganishwa na zile zilizomo katika Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyo katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Hifadhi hiyo ilianzia Amani, Tanganyika, mwaka wa 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka wa 1950. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyochapishwa kwa vitabu vingi kati ya 1952 na 2012, ilikusanya zaidi ya spishi 12,000.

SHERIA INASEMAJE?

Mbegu au mche wowote unaotoka nje ya nchi unapaswa kuwa na kibali cha kuuingiza kinachotolewa na Shirika la Kukagua Afya ya Mimea nchini (KEPHIS), lililoanzishwa mwaka wa 1996. Kibali hicho hutafutwa kabla ya mzigo kusafirishwa, nao mzigo huandamana na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Udogo wa bahasha si kinga, kwani pakiti inayokuja kwa posta ni mmea ulioingizwa nchini kama ulivyo ule unaoletwa kwa meli.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini serikali ijishughulishe na mbegu zinazoweza kutoshea katika kijiko? Jibu linaelea Ziwa Victoria.

Gugumaji, ambalo asili yake ni bonde la mto Amazon huko Amerika Kusini, lilisambazwa duniani na watu walioyapenda maua yake ya zambarau na kuyapanda katika vidimbwi vya bustani. Nchini Kenya lilionekana Ziwa Naivasha mwaka wa 1988, na kufikia 1990 lilikuwa limeingia upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Mwaka wa 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Mashua zilikwama, wavuvi wakakosa njia ya kufikia samaki, na maji ya kunywa yakachafuka.

Wataalamu waliachilia wadudu wa jamii ya fukusi kuanzia 1997 ili kulitafuna, na eneo lililofunikwa likapungua sana. Lakini mbegu zake huweza kukaa hai kwenye tope kwa miaka ipatayo 20. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, gugu hilo lilirudi kwa kishindo, na hadi leo halijang'oka.

Naivasha kwenyewe kulikuwa na mkasa mwingine kabla ya huo. Kangaga ndogo inayoelea iitwayo Salvinia molesta, nayo yenye asili ya Amerika Kusini, ilivamia ziwa hilo katika miaka ya 1960. Mimea hii miwili ina jambo moja linalofanana: ni ya kupendeza, na inapendwa na wenye matangi na vidimbwi vya mapambo.

Kakamega haiko mbali na ziwa kama ramani inavyoonyesha. Mto Isiukhu hupeleka maji yake katika mfumo wa Mto Nzoia, unaoingia ziwani huko Budalang'i. Mto Yala, unaopita kusini mwa Msitu wa Kakamega, nao huishia ziwani. Kipande cha mmea kinachotupwa mferejini mjini leo kinaweza kusafiri hadi huko mvua ikinyesha, na Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

MIMEA ILIYO KARIBU NAWE

Habari njema ni kwamba mfugaji hahitaji kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Magharibi mwa Kenya kuna mimea mingi ya majini ya kienyeji ambayo tayari imezoea maji na hali ya hewa ya huku.

Mahali pazuri pa kuanzia ni mabwawa ya samaki. Kupitia mpango wa kuchochea uchumi ulioanzishwa mwaka wa 2009, serikali ilifadhili uchimbaji wa mabwawa 200, kila moja likiwa na mita 300 za mraba, katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 nchini. Kakamega ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyonufaika. Mwenye bwawa huona mimea kuwa kero inayozuia wavu, hivyo anaweza kukuruhusu uchume bure ukimwomba kwa adabu.

Mmea rahisi kwa anayeanza ni Ceratophyllum demersum. Hauna mizizi, shina lake ni refu, na majani yake membamba yamezunguka shina kama mkia wa paka aliyeshtuka. Kipande cha urefu wa kiganja kinatosha, kwani hukua upesi na kufyonza uchafu mwingi.

Vallisneria una majani marefu kama utepe yanayotoka pamoja chini, na huzaa kwa vishina vinavyotambaa. Potamogeton schweinfurthii nao una majani marefu yaliyokaa kwa kupishana kwenye shina. Yote miwili hupatikana katika Ziwa Victoria na maji yaliyo karibu nalo.

Ottelia ulvifolia hukaa chini ya maji, huku ua lake likichomoza juu. Majani yake ni mapana na mepesi kiasi cha kupitisha mwanga, na huchanika haraka, hivyo beba mmea huo ndani ya ndoo yenye maji.

Yungiyungi la buluu, Nymphaea nouchali, ni zuri mno lakini linahitaji tangi kubwa. Majani yanayoelea yakiachwa huziba mwanga, kwa hiyo yakatwe mapema ili yabaki yale ya chini ya maji.

Jihadhari na Utricularia, wenye nyuzi laini na vifuko vidogo kama punje za mtama. Vifuko hivyo ni mitego ya kunasia wadudu wa majini, na vinaweza kunasa samaki waliotoka tu kuzaliwa. Gugumaji usilichukue kabisa, hata likiwa na ua moja tu. Letusi ya maji, inayoelea kama kabeji changa, na Azolla, kangaga ndogo inayogeuka nyekundu juani, nazo huongezeka kwa kasi na zinafaa kuachwa zilipo.

PASIPOFAA KUCHUMA

Msitu wa Kakamega una vijito vya kuvutia, lakini si bustani ya umma ya kujichumia. Sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ni hifadhi ya kitaifa tangu 1985 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), huku Shirika la Huduma za Misitu (KFS) likisimamia sehemu nyingine. Kuondoa mimea humo kunahitaji idhini.

Pengine pa kuepukwa ni mashimo ya dhahabu yaliyojaa maji. Homa ya dhahabu iliikumba Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mgodi maarufu wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952. Wachimbaji wadogo wameendelea na kazi katika eneo hilo na kwingineko, na wengi hutumia zebaki kuikamata dhahabu. Zebaki hujikusanya katika tope na mimea. Licha ya sumu hiyo, kingo za mashimo hayo huporomoka kwa ghafla.

Vivyo hivyo, epuka mifereji inayotoka moja kwa moja kwenye mashamba yaliyonyunyiziwa dawa, kwa sababu mabaki ya dawa za wadudu huua samaki hata yakiwa kidogo sana.

KICHOCHO NA WAGENI WASIOALIKWA

Kichocho huenezwa na konokono wa majini, wale wale wanaopenda kujibandika chini ya majani. Konokono aliyeambukizwa huachilia maelfu ya viini vinavyoogelea na kupenya kwenye ngozi ya mtu kwa dakika chache, hasa wakati wa mchana jua linapowaka. Dawa ya prazikwanteli hutibu ugonjwa huo, lakini kinga ni bora kuliko tiba.

Vaa gambuti na glavu ndefu za mpira. Tumia reki kuvuta mimea badala ya kuingia majini. Ukirowa, jifute mara moja kwa taulo kavu. Usilete nyumbani maji ya bwawa, mimea tu.

Nyumbani, suuza kila mmea kwa maji ya mfereji na kutoa konokono wote pamoja na mayai yao, ambayo huonekana kama matone ya utomvu mgumu. Kisha uloweke kwa saa mbili au tatu katika maji yenye shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne, na kuusuuza tena. Shabu huua konokono wengi wadogo, ingawa huenda isimalize mayai yote.

Kwa hivyo mmea utengwe katika ndoo yenye neti kwa wiki tatu au nne kabla ya kutiwa tangini. Viini vya kichocho vilivyo majini haviishi zaidi ya siku mbili hivi bila kumpata mtu, lakini konokono aliyebaki huendelea kuvitoa, hivyo akionekana aondolewe kwa glavu. Muda huo pia hutosha kuwafichua ruba na viluwiluwi vya kereng'ende, ambao ni wawindaji hodari wa samaki wachanga.

UKIPUNGUZA, TUPA WAPI?

Mimea ikistawi, itabidi kupunguzwa kila mara. Mabaki yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, kisha yachomwe au yazikwe mbali na maji. Maji machafu ya tangi yamwagwe kwenye migomba au bustani ya mboga, ambako nitrati ni mbolea nzuri, wala si mferejini. Ukichoka na ufugaji, mpe mfugaji mwingine samaki na mimea, usivipeleke mtoni kwa huruma.

Kwa muhtasari, chuma mimea michache tu kwa idhini, ile unayoweza kuitaja kwa jina, na uitenge kabla ya kuipanda. Na ile pakiti ya mbegu isiyo na jina wala cheti, hata kama picha yake inapendeza namna gani, ibaki dukani.